Hewa Mgodini na Hewa Kisimani

Katika karne ya 19 migodi mingi ya makaa ya mawe nchini Uingereza iliingiziwa hewa kwa moto. Tanuri liliwashwa chini ya shimo moja la wima. Hewa yake ikapata joto na kupanda, na hewa safi ikashuka kwa shimo la pili, ikapita njia zote za chini na kuondoa methani, gesi iwakayo. Kuweka moto karibu na gesi hiyo kulikuwa hatari kubwa. Hata hivyo kanuni ni ileile ya taa ya chemli.

Nguzo ya hewa yenye kitako cha mita 1 ya mraba na kimo cha mita 100 ina kilo 116 hivi katika nyuzi 30 za Sentigredi, na kilo 106 katika nyuzi 60. Tofauti hiyo ya kilo 10 ndiyo isukumayo hewa.

Mgodi wa Hartley ulikuwa na shimo moja tu, lililogawanywa kwa kiambaza cha mbao. Tarehe 16 Januari 1862 boriti ya chuma ya injini ya kuvuta maji ilivunjika, ikaangukia humo na kuliziba. Watu 204 walikufa, walio wengi kwa hewa yenye sumu. Mwaka huohuo sheria ikadai njia mbili za kutokea.

Bagamoyo hakuna mgodi wa makaa, lakini viko visima vya kuchimbwa kwa mkono, navyo vina shimo moja. Mchana wa jua kali hewa ya chini ni baridi kuliko ya juu, kwa hiyo ni nzito, nayo hutuama. Taa iliyoteremshwa kwa kamba ikizimika, mtu asishuke. Ikiendelea kuwaka, bado si uthibitisho wa usalama: kaboni monoksaidi itokayo katika pampu ya petroli huua bila kuzima mwali.