Malisho Yenye Vipara: Jinsi ya Kuyatengeneza

Mtu wa Galbet, katika mji wa Garissa, akisia mbegu za majani ya mifugo huweza kuona jambo hili baada ya mvua: mahali fulani majani yamesongamana, na hatua tatu mbele ardhi ni tupu kabisa. Wengi huilaumu mbegu, wakanunua nyingine na kuimwaga pale pale. Huko ni kupoteza fedha. Kila kipara kina sababu yake, nayo yapasa kujulikana kwanza.

Jambo hili si dogo. Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo mingi ikafa. Majani yaliyokatwa na kuwekwa akiba huokoa ng'ombe wa maziwa wakati kama huo. Yafaayo sana huku ni yale yenye masuke ya manyoya, ambayo wataalamu huyaita Cenchrus ciliaris. Asili yake ni Afrika, nayo huvumilia ukame.

Basi chunguza shamba lako hivi:

1. Shamba zima limeota haba. Huenda kosa ni la mbegu. Mbegu zilizovunwa karibuni hulala. Yafaa zikae ghalani miezi kadhaa. Kabla ya kusia, funga mbegu 100 katika kitambaa chenye unyevu, uone ni ngapi zitachipua kwa muda wa wiki mbili.

2. Kipara ni kigumu na kimepasuka. Udongo umeshika ukoko, na maji hupita juu bila kuingia. Uvunje kwa jembe, kisha jenga vikinga maji vya umbo la nusu mwezi, mdomo wake ukielekea upande maji yatokako.

3. Majani yamejazana chini ya mteremko. Mbegu zilichukuliwa na maji. Jenga vikinga maji hivyo hivyo, na ulaze matawi ya miiba juu ya ardhi ili yashike mbegu na udongo.

4. Vipara vimetawanyika ovyo. Mbegu za manyoya hushikamana mkononi. Zichanganye na mchanga mkavu. Nusu uzisie ukienda kwa urefu wa shamba, na nusu kwa upana. Zifunike kwa udongo usiozidi sentimita 1, kwa maana zikizikwa chini sana hazitoki.

5. Miche iliota ikatoweka. Tazama nyayo za mbuzi na njia za mchwa. Zungushia shamba ua wa miiba.

Tengeneza vipara kabla ya mvua ya gu, ianzayo Machi au Aprili, au ya deyr, ianzayo Oktoba. Mwenye pampu kando ya Mto Tana anyweshe kidogo kidogo na mara kwa mara hadi mbegu zichipue. Ng'oa pia miche ya mathenge ingali midogo, kwani hunyang'anya majani maji.

Mwisho, usiingize mifugo katika msimu wa kwanza. Acha majani yakomae na kuangusha mbegu zake, kwa kuwa mbegu hizo zitaziba vipara vilivyobaki bila gharama. Baadaye kata kwa mundu, ukiacha kimo cha kiganja ili yachipue tena. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.