Seva ya Kuhifadhi Data kwa Gharama Nafuu

Studio inayopiga video za harusi hujaza diski ya terabaiti 1 upesi. Wengi hununua diski ndogo za nje, moja baada ya nyingine, hadi droo inajaa na hakuna anayejua harusi ya nani iko wapi. Diski moja ikianguka sakafuni, mteja amepoteza siku ambayo haitarudiwa.

Seva ya kuhifadhi data ni kompyuta yenye diski kadhaa, inayofikiwa na kompyuta nyingine za nyumbani au ofisini kupitia mtandao wa ndani. Si lazima iwe mpya. Kompyuta ya mezani iliyokwishatumika, yenye RAM ya gigabaiti 8 na nafasi ya diski tatu au nne, inatosha. Programu za TrueNAS na OpenMediaVault hupatikana bila malipo. Mashine ya wati 40 ikikaa imewashwa saa 24 hula takriban uniti 1 ya stima.

Pesa zilizookolewa ziende kwenye diski, nazo zinunuliwe mpya. Muuzaji aulizwe kama ni za aina ya CMR. Zile za SMR hukokota mno diski iliyoharibika inapobadilishwa na data kujazwa upya.

Diski 4 za terabaiti 4 hazitoi nafasi ya terabaiti 16. Katika mpangilio wa RAID 5, nafasi ya diski moja hutengewa taarifa za kurejesha data, hivyo hubaki 12, na diski yoyote moja ikifa kazi huendelea. Mwenye diski 2 huandika kila faili kwenye zote mbili na kubaki na terabaiti 4.

Hapa ndipo wengi hukosea: RAID si nakala rudufu. Faili ikifutwa kimakosa hutoweka kwenye diski zote papo hapo, na mwizi akibeba mashine amebeba kila kitu. Nakala nyingine ikae kwenye diski ya nje, katika jengo tofauti, na isasishwe kila wiki. Mara kwa mara faili chache zifunguliwe kutoka kwenye nakala hiyo, maana nakala isiyofunguka haina kazi.

UPS ndogo huipa seva dakika za kujizima salama stima inapopotea. Biashara zenye taarifa za wateja zinabanwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hivyo nywila iliyokuja na programu ibadilishwe siku ile ile seva inapowashwa.