Kuhifadhi chemchemi ya kijiji

Vijiji vingi vya milimani huteka maji kwenye chemchemi iliyo wazi. Maji yanapotoka ardhini mara nyingi huwa safi, maana udongo umeyachuja. Yanachafukia hapo juu: ng'ombe wanakunywa humo, watoto wanaingia na miguu ya tope, na mvua inateremsha kinyesi kutoka mlimani. Kuhifadhi chemchemi ni kuyapata maji kabla hayajafika juu na kuyatoa kwa bomba. Hakuna pampu wala umeme unaohitajika, na fundi mwashi wa kijijini anaiweza kazi hii.

Kabla ya kuchimba

Pimeni maji mwishoni mwa kiangazi, si wakati wa mvua ambapo kila mahali pana maji. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, mnapata lita 1,800 kwa saa.

Kisha pandeni upande wa juu mkiwa pamoja na mwenye shamba. Kama kuna choo cha shimo juu ya chemchemi, au kiko karibu zaidi ya mita 30, kihamisheni kwanza au tafuteni chemchemi nyingine. Ukuta wa saruji hauwezi kuzuia uchafu unaopita ardhini nyuma yake. Makubaliano na mwenye ardhi yaandikwe mbele ya mashahidi. Maneno ya mdomo hudumu mpaka shamba linaporithiwa.

Ujenzi

Chimbeni mkifuata maji kuelekea mlimani mpaka mwone jicho lenyewe, yaani pale yanapotokea kwenye mwamba au udongo mgumu. Yachepusheni kwa mfereji mdogo ili msingi ujengwe pakavu. Msingi uingie ndani ya tabaka hilo gumu, la sivyo maji yatapita chini ya ukuta.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Bomba la kutolea maji ni lazima liwe chini kidogo ya usawa wa jicho. Wapo mafundi wanaoliinua ili ndoo ipate nafasi chini yake. Maji yakirundikana nyuma ya ukuta, yanasukuma jicho, nayo chemchemi inaweza kutafuta njia nyingine na kuwaacha na ukuta mkavu. Nafasi ya ndoo ipatikane kwa kuchimba sakafu ya kutekea iwe chini zaidi, na kujenga ngazi za kushukia. Wekeni pia bomba la pili juu ya la kwanza, lakini nalo lisipite usawa wa jicho. Hilo litatoa maji yanayozidi wakati wa masika.

Saruji ikishakauka vizuri, jazeni nyuma ya ukuta mawe yaliyooshwa, kisha kokoto. Funikeni kwa plastiki nene, halafu udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na juu kabisa udongo wa kawaida wenye nyasi. Mita 10 hivi upande wa juu chimbeni mtaro wa kukinga maji ya mvua, na mzungushe uzio. Msipande miti hapo juu ya jicho, maana mizizi hupasua ukuta. Mikaratusi isiwepo hata jirani, kwa kuwa hunywa maji mengi mno.

Utunzaji

Mchagueni mtu wa kupita kila wiki. Kazi yake ni kuzibua mtaro, kufunga uzio uliolegea na kuangalia nyufa. Sakafu ya kutekea isituamishe maji, kwani mbu huzaliana hapo. Maji yakibadilika rangi baada ya mvua kubwa, ni dalili kwamba maji ya juu yanaingia. Chemsheni au tieni dawa maji ya kunywa mpaka mahali panapovuja papatikane.

Lakini hata chemchemi iliyojengwa vizuri haimalizi kazi. Watafiti waliofuatilia chemchemi karibu 200 magharibi mwa Kenya walichapisha matokeo yao mwaka 2011. Baada ya kuhifadhiwa, vijidudu vya kinyesi vilipungua kwa asilimia 66 kwenye chemchemi, lakini kwa asilimia 24 tu katika maji yaliyowekwa nyumbani. Kuhara kwa watoto wadogo kulipungua kwa takriban robo. Faida hiyo si ndogo, ila sehemu kubwa ilipotea kati ya bomba na kikombe: ndoo isiyooshwa, majani yaliyotiwa ndani ili maji yasimwagike njiani, kata inayochovywa kwa mikono michafu. Tumieni dumu lenye mdomo mwembamba na kifuniko, lioshwe kila linapojazwa, na maji ya kunywa yamiminwe badala ya kuchotwa.

Maswali ya majadiliano

Ni nini kilichoko sasa upande wa juu wa chemchemi yenu, na ardhi hiyo ni ya nani?

Nani huteka maji nyumbani kwenu? Je, aliulizwa mahali pa kuweka ngazi na bomba?

Saruji ikipasuka mwaka ujao, fedha za kuitengeneza zitatoka wapi, na zitashikwa na nani?