Mwendo mara mbili, breki mara nne

*Naendesha bodaboda. Nikiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, nikishika breki nasimama papo hapo. Nikifika 60, pikipiki hupitiliza mbali na abiria hunilalia mgongoni. Breki zimekwisha?*
*Dereva, Morogoro*

Unaogopa kwamba breki zinakuangusha, lakini huenda ni nzima. Pikipiki inayokwenda ina nishati mwendo. Breki huigeuza kuwa joto kwa msuguano, ndiyo maana hupata moto. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati hiyo huongezeka mara nne. Kwa breki na barabara ileile, umbali wa kusimama tangu uzishike nao huwa takriban mara nne.

Tena, ukichelewa sekunde moja tu kushika breki, kwenye 60 umeshapita karibu mita 17.

Abiria naye hafanyi makusudi. Isaac Newton alieleza mwaka 1687 kwamba kitu kilicho katika mwendo huendelea nao mpaka kani ikizuie. Breki huzuia pikipiki. Abiria huzuiwa na mgongo wako.

Basi, punguza mwendo mapema na uache nafasi ya sekunde tatu nyuma ya gari la mbele. Mvua ikinyesha, ongeza. Tumia breki zote mbili, ukikaza polepole. Mwambie abiria ashike chuma cha nyuma.

Muone fundi siku hiyohiyo iwapo hata kwenye 30 unachelewa kusimama kuliko zamani, breki zinakwaruza, au mkono wa breki umelegea.