Dondoo muhimu: Mtindi wa nyumbani kwa mbwa

Mbwa wengi huumudu mtindi mtupu, ila uwe kionjo, si mlo.

1. Chemsha maziwa kabla ya kugandisha. Mabichi huweza kubeba bruselosi.
2. Mchotee kabla hujatia sukari au vanila. Zailitoli, ile sukari mbadala, ni sumu kwake hata kidogo.
3. Anza na kijiko kimoja cha chai juu ya ugali wake, kisha kesho yake angalia kinyesi. Akiharisha au tumbo likijaa gesi, acha. Wapo wasiopatana kabisa na maziwa.
4. Mtindi uliobaki wenye kitunguu maji au kitunguu saumu, usimpe.
5. Mtindi ukiota ukungu, mwaga wote. Kuengua juu hakutoshi.
6. Usimpe pamoja na tetrasaiklini. Kalsiamu ya mtindi hupunguza nguvu ya dawa hiyo.