Uzito wa Mbuzi na Rangi ya Kope Yake: Somo kwa Wafugaji Kabla ya Kununua Dawa ya Minyoo

Kila mvua zinapokolea, swali moja hurudi katika ofisi za maafisa mifugo wa kata: "Mbuzi wangu niliwanywesha dawa ya minyoo mwezi uliopita, mbona wanaendelea kufa?" Swali hilo ni zito, kwa kuwa katika kaya nyingi mbuzi ndiye akiba ya ada ya shule na nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali. Jibu lake halipatikani kwa kubadilisha dawa peke yake. Aghalabu limejificha katika mambo mawili ambayo hayakupimwa kabla ya chupa kufunguliwa, nayo ni uzito wa mnyama na hali ya damu yake.

Minyoo wanaoishi tumboni mwa mbuzi na kondoo ni wa aina nyingi, lakini mmoja anastahili kutajwa kwa jina. Wataalamu humwita Haemonchus contortus. Ni mwembamba kama uzi, urefu wake hauzidi sentimita 3, makao yake ni tumbo la nne, na chakula chake ni damu. Jike huonekana kama kamba ya rangi mbili, nyekundu na nyeupe, kwa sababu utumbo wake uliojaa damu umesokotana na mifuko yake ya mayai. Mnyoo mmoja hukadiriwa kumpotezea mnyama mililita 0.05 za damu kwa siku, na jike mmoja anaweza kutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kila siku.

Mililita 0.05 ni tone moja tu. Hata hivyo, tufanye hesabu kidogo. Damu ya mbuzi ni takriban asilimia 7 ya uzito wake, hivyo mtoto wa mbuzi mwenye kilo 15 ana damu inayokaribia lita moja. Akiwa na minyoo 1,000, idadi ambayo si ya ajabu wakati wa mvua, hupoteza mililita 50 kwa siku. Yaani sehemu moja ya ishirini ya damu yake yote kila kunapokucha. Mbuzi mkubwa wa kilo 40 mwenye minyoo hao hao hupoteza kiasi kile kile, lakini yeye ana karibu lita tatu za kuchotwa. Ndiyo sababu wadogo hutangulia kufa ilhali mama zao wangali wakicheua.

Lipo jambo linalowapotosha wafugaji wengi, nasi tunaona vema tulikazie. Watu wamezoea kusubiri kuhara. Mnyoo huyu kwa kawaida hamharishi mnyama. Wakati mwingine kinyesi huwa kigumu kuliko siku zote. Mbuzi anaweza kuwa na kinyesi kizuri na mwili wa kuridhisha, kisha akaanguka njiani kuelekea malishoni kwa kuwa damu iliyobaki haitoshi kubeba hewa. Maambukizi yakiwa makali, kifo huja kabla hajapata hata muda wa kukonda. Yakiwa ya polepole, protini iliyomo ndani ya damu hupungua, maji huvuja kutoka mishipani, na uvimbe laini hujitokeza chini ya taya. Anayeuona uvimbe huo asiutumbue, kwani si jipu. Ni dalili ya damu iliyokwisha.

Kwamba uzito peke yake hautoshi kuwa kipimo cha afya, majirani zetu wa pwani ya Kenya waliliona wazi. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, walilinganisha kondoo aina ya Dorper na kondoo wekundu wa Kimasai huko Diani, mahali penye joto na unyevu unaopendwa na minyoo. Dorper alizalishwa Afrika Kusini kwa ajili ya nyama, na ni mnyama mwenye umbo la kuvutia. Hata hivyo, kondoo wa Kimasai ndio waliokuwa na mayai machache ya minyoo katika kinyesi, chembe nyekundu nyingi zaidi katika damu, na vifo vichache. Katika nyanda kavu za Kapiti, ambako minyoo ni wachache, tofauti hiyo ilipungua sana. Mfugaji anayevutiwa na dume kubwa mnadani aulize kwanza limekulia wapi.

Je, mfugaji asiye na maabara ataionaje damu ya mbuzi wake? Njia ipo, tena haina gharama kubwa. Madaktari wa mifugo wa Afrika Kusini waliitengeneza katika miaka ya 1990 na kuiita FAMACHA, jina lililotokana na lile la daktari Francois Malan, aliyejulikana kwa jina la utani la Faffa. Ni kadi yenye rangi tano zinazolinganishwa na utando wa ndani ya kope ya chini. Rangi ya 1 ni nyekundu iliyokolea. Ya 2 ni nyekundu iliyofifia. Ya 3 ni waridi. Ya 4 ni waridi inayoelekea weupe. Ya 5 ni nyeupe kama karatasi. Katika maabara, damu huzungushwa kwa mashine ili chembe nyekundu zijitenge na majimaji, kisha hupimwa ni asilimia ngapi ya damu yote. Rangi ya 1 hulingana na takriban asilimia 28 au zaidi. Rangi ya 5 hulingana na asilimia 12 au pungufu, na mnyama wa aina hiyo yuko mlangoni pa kifo.

Ukaguzi hufanyika nje, penye mwanga wa jua, kwa kuwa ndani ya banda kila kope huonekana imepauka. Funika jicho kwa kope ya juu kwa kidole gumba, bonyeza kidogo, kisha vuta kope ya chini kwa kidole cha mkono mwingine. Utando utajitokeza wenyewe. Soma rangi upesi, kagua jicho la pili, na uchukue lile lililopauka zaidi. Usikisie rangi iliyo katikati ya mbili: chagua ile mbaya. Vumbi na ugonjwa wa macho huweza kuyafanya macho yawe mekundu na kuficha upungufu wa damu, hivyo mnyama mwenye macho yanayotoa machozi achunguzwe pia ufizi. Wakati wa mvua, kundi likaguliwe kila baada ya wiki mbili.

Kondoo mwenye rangi ya 4 au 5 hupewa dawa bila kuchelewa. Kwa mbuzi, watoto wote na majike wenye mimba au wanaonyonyesha, ni busara kuanzia rangi ya 3. Wale wa 1 na 2 waachwe. Hapa ndipo wengi hushtuka: iweje mtu aache mbuzi bila dawa na chupa anayo mkononi? Sababu ni kwamba katika kundi lolote, wanyama wachache, kama asilimia 20 hadi 30, ndio hubeba sehemu kubwa ya minyoo wote. Dawa ikitolewa kwa kila mnyama, minyoo wanaosalia hai ni wale tu walioishinda, na mayai yao ndiyo yanayojaza malisho. Wakiachwa baadhi ya wanyama wenye afya, minyoo dhaifu hubaki na kuchanganya kizazi, na dawa huendelea kufanya kazi kwa miaka mingi zaidi.

Sasa tuje kwenye uzito, kwa maana hapo ndipo fedha hupotea. Kukadiria kwa macho humdanganya hata mchinjaji mzoefu. Tuseme lebo inaagiza mililita 1 kwa kila kilo 5. Mbuzi wa kilo 30 anastahili mililita 6. Ukimkadiria kuwa na kilo 20 utampa 4, nawe utakuwa umewazoesha minyoo dawa badala ya kuwaua. Asiye na mizani atumie futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako ulio chini ya mkia, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 10,840. Mbuzi mwenye mzunguko wa sentimita 70 na urefu wa sentimita 65 atakuwa na kilo 29 na ushee. Ni makadirio, lakini yanalipita jicho kwa mbali. Mtoto wa mbuzi abebwe na mtu juu ya mizani ya watu, kisha uzito wa mtu utolewe. Pima asubuhi kabla ya malisho, la sivyo utakuwa unapima majani na maji.

Tahadhari mbili kuhusu dawa zenyewe. Mwili wa mbuzi huivunja dawa haraka kuliko wa kondoo, kwa hiyo dozi iliyoandikwa kwa ajili ya kondoo huenda isimtoshe mbuzi. Lakini hiyo si ruhusa ya kuongeza kwa kubahatisha, kwani zipo dawa, kama levamisole, ambazo zikizidi huua. Muulize daktari. Vilevile albendazole haifai kwa jike aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba, maana huweza kumharibu mtoto aliye tumboni.

Wenye ng'ombe wasiitegemee kadi hii. Ng'ombe aliyepauka katika maeneo yenye mbung'o anaweza kuwa na nagana, na mwenye mkojo mwekundu huenda ana ugonjwa wa kupe; dawa ya minyoo haitamsaidia, na kila siku inayopita humpunguzia nafasi ya kupona. Damu yake inatakiwa kuchunguzwa kwa darubini. Mwite Afisa Mifugo wa Kata achukue sampuli, ambayo ikihitajika hupelekwa Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Unapomwita, mwandalie daftari lenye tarehe, uzito na rangi ya kope ya kila mnyama, pamoja na chupa ya dawa uliyotumia mara ya mwisho, hata kama imekwisha. Lebo yake humwonyesha ni kundi gani la dawa limekwishatumika na ni lipi lijaribiwe.