Pembe Zilitoka Bara

Muhula uliopita mwenzetu mmoja, Mpokomo wa upande wa Garsen, aliambiwa bwenini ya kwamba watu wa bara hawana historia, historia ni ya watu wa majahazi. Tulicheka, na mimi nilikuwemo. Baadaye nikajiuliza: hayo majahazi yalifuata nini Lamu?

Yalifuata pembe za ndovu, pamoja na mali nyingine, na ndovu hawazaliwi bandarini! Wawindaji kama Waaweer, ambao wengi wetu huwaita Waboni, waliwaua kwa mishale ya sumu. Waorma nao walileta pembe mpaka Mto Tana, na hapo ndipo Wapokomo walipoingia kazini. Walipakia mitumbwi yao ya gogo moja, wakashuka na maji. Kurudi ndiko kulikokuwa na taabu, maana waliupanda mto kwa upondo, wamepakia nguo na shanga.

Sasa tazameni ramani. Zamani Mto Tana haukumwaga maji Kipini kama leo. Mto wa Kipini ulikuwa Ozi. Kati ya mito hiyo miwili palikuwa na nchi kavu, hivyo mizigo ilibebwa na watu mpaka upande wa Ozi, ikafika bandari ya Kau, ndipo ikapanda vyombo vya kwenda Lamu. Katika karne ya 19 ukachimbwa mfereji wa Belezoni ili mitumbwi ipite. Kumbe Tana nao umeuona! Baadaye ukahamia humo humo, mto mzima ukafuata njia ya wachuuzi.

Upande wa lugha, "msafara" na "safari" ni maneno ya ukoo mmoja. Watu walikwenda kwa kundi kwa kuogopa kuvamiwa. Hata sisi tumeyaona: baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, mabasi ya kutoka Mokowe kwenda Garsen yalikwenda kwa msafara, polisi wakiyasindikiza. Nilikuwa mdogo, nimepakatwa na mama, na basi zima kimya mpaka tukapita Witu.

Yule mwenzetu nimemwomba radhi. Hakusema mengi, aliniuliza tu kama najua kuendesha mtumbwi kwa upondo. Mimi mtoto wa Lamu, sijui! Likizo ya Agosti nakwenda kwao anifundishe.